Magitaa mawili, pikapu zilezile: kwa nini lile la fundi binafsi linapigika tofauti na la kiwandani?

#1 SoloWaTemeke

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linaninyima usingizi, nalileta hapa kwa sababu najua humu wamo wapigaji, mafundi na watu wenye masikio.

Nina magitaa mawili ya umeme ya umbo la Telecaster, lile la kampuni ya Fender. Moja ni la kiwandani, nimelipigia bendi miaka mingi na limenilisha. La pili nimelipata kwa fundi mmoja wa Ujerumani anayefanya kazi peke yake karakanani kwake na kutoa magitaa machache sana kwa mwaka. Yote yana mwili wa mbao ya alder, shingo ya mbao ya maple, urefu wa uzi inchi 25.5, na nafunga nyuzi za seti moja, 10 hadi 46. Ili nijiridhishe, nilichomoa pikapu (zile sumaku zinazosoma mtikisiko wa nyuzi) za lile la fundi nikazihamishia kwenye la kiwandani, nikitegemea tofauti iishe hapohapo.

Haijaisha. Nikipanda freti ya 12, kile chuma cha kumi na mbili shingoni, kwenda juu kupiga sebene, gitaa la fundi kila noti inatoka imesimama peke yake. Nikishika nyuzi mbili kwa pamoja nazisikia zote mbili. La kiwandani noti zinapandana, zinakuwa kama zinagombania mlango. Mke wangu alikuwa chumba cha pili, nikawa nabadilisha bila kumwambia, na kila mara alitaja ni lipi.

Bei ni karibu mara nne ya lile jingine na sijutii hata shilingi moja. Ila nataka kujua hela yangu imekwenda wapi hasa. Mbao? Freti? Mkono wa fundi? Karibuni.

#2 FundiRedio_Mwanza

Mkuu, umehamisha pikapu peke yake au na vile vitufe vya sauti na toni? Potensiometa ikiandikwa 250k usiiamini, kiwanda kinaruhusu ipungue au izidi asilimia 20. Maana yake moja inaweza kuwa 200 na nyingine 300, na hiyo tofauti inasikika, hasa kwenye sauti za juu. Mafundi wadogo wanazipima moja moja na kuchagua. Kiwandani wanachota kutoka kwenye boksi.

Chukua mita, pima, leta namba hapa. Na waya uliochomeka ni uleule? Waya mrefu unameza sauti ya juu kabla haijafika kwenye ampi.

#3 BengaKisumu

Vifaa vya umeme mnavihangaikia bure. Jibu ni freti na nati, kile kipande cha kichwani ambacho nyuzi hupitia kabla ya kufika kwenye vigingi. Benga tunaipiga juu na kwa kasi, freti moja ikiinuka kuliko jirani yake hata kwa unene wa karatasi, noti inakufa mapema.

Niliwahi kupeleka gitaa langu la bei ya chini kabisa kwa fundi pale Nairobi. Alilaza rula ya chuma shingoni, akapaka freti zote wino wa maka, akapitisha jiwe la kusawazisha. Zile zilizopoteza wino kwanza ndizo zilizokuwa juu. Akaendelea mpaka wino ukatoka kote sawasawa, kisha akarudisha mviringo wa kila freti kwa tupa ndogo, moja baada ya nyingine. Nati ya plastiki akaitupa, akachonga ya mfupa wa ng'ombe. Nilipolirudisha mikononi nilidhani amenibadilishia gitaa.

Huyo Mjerumani alikaa na freti zako siku nzima. Kiwandani freti hazipati huo muda.

#4 MbaoNgumu

Mimi ni seremala, Iringa, na gitaa napiga kanisani. Nasema mbao.

"Yote ni alder" si hoja. Miti miwili ya aina moja si mbao moja. Uliza fundi yeyote wa fanicha kuhusu mninga: upo wa kuogopesha kwa uzito na upo unaobebwa na mtoto. Inategemea umeota wapi, umekatwa sehemu gani ya gogo, umekaushwa haraka au polepole. Fundi anayetengeneza magitaa machache anapata nafasi ya kugonga kila ubao, kuusikiliza na kuukataa. Kiwanda hakina hiyo nafasi.

Yapime uzito yote mawili, SoloWaTemeke. Halafu gonga nyuma ya shingo kwa kifundo cha kidole, utuambie.

#5 Kapasita22

Bandiko #4, kwa heshima zote, hilo ni la gitaa kavu. Kwenye gitaa la umeme pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, inasoma mtikisiko wa uzi wa chuma. Mbao haina chuma, sumaku haiijui.

Kuna mpiga gitaa wa Nashville alifunga nyuzi hewani, bila mwili wala shingo, akaweka pikapu kwa umbali uleule, akarekodi, na watu wakashindwa kutofautisha na Telecaster. Kampuni ya Danelectro nayo ilitengeneza magitaa kwa hadibodi ya masonite na Jimmy Page wa Led Zeppelin akapiga moja jukwaani. Hiyo mbao ya kugonga kwa kifundo iko wapi hapo?

#6 MbaoNgumu

Kapasita22, uzi umefungwa wapi? Ncha moja iko kwenye briji, kile kipande cha mwilini kinachoshika nyuzi, nayo briji imekaa kwenye mbao. Ncha nyingine iko kwenye nati au freti, nazo zimekaa kwenye mbao. Mbao ikiwa laini inanyonya nguvu ya uzi, uzi unatulia mapema. Sumaku inasoma huohuo uzi ulionyonywa. Hivyo sumaku haijui mbao, lakini uzi unaijua.

Les Paul mwenyewe, yule mpiga gitaa, alichukua gogo la msonobari la inchi 4 kwa 4, akaweka pikapu na nyuzi. Alitaka mbao nzito ili noti ikae.

#7 MamaBesi

MbaoNgumu, malizia hiyo habari ya gogo. Lilipokamilika watu hawakulipokea, ndipo akachukua gitaa la Epiphone akalipasua, akabandika nusu huku na nusu huku ili lifanane na gitaa. Zile mbavu zilikuwa za macho ya watazamaji. Kwa hiyo mfano wako unampa nguvu Kapasita22 kwa upande mmoja, na wewe kwa upande mwingine.

Swali langu kwa mwenye mada: briji zote mbili zina vikalio vingapi vya nyuzi? Telecaster ya zamani ina vitatu, kila kimoja kinabeba nyuzi mbili. Ukirekebisha urefu wa uzi mmoja unaharibu wa mwenzake, kwa hiyo huku juu noti zinakuwa karibu na sahihi lakini si sahihi. Ukishika nyuzi mbili pamoja unasikia zinatikisana. Hiyo "kugombania mlango" uliyoandika nadhani ni hapo.

#8 Kamina_Lushi

Bandugu, jambo. Nasoma kutoka Lubumbashi.

Mnabishana alder na maple, mti wetu mmesahau. Gibson ilipotoa Flying V na Explorer mwaka 1958 ilitumia limba, mti wa Afrika ya kati na magharibi, wao wakauita Korina. Hayakuuzika. Flying V za miaka ile miwili ya kwanza hazikufika hata 100. Leo mtu akiwa nayo moja ameshika nyumba. Na mafundi binafsi wa Ulaya na Marekani wanaitafuta limba hadi leo, kwa sababu ni nyepesi na inapokea rangi vizuri.

Lakini mimi nawaambia pia hivi: Franco alianza na gitaa la kopo alilojitengenezea utotoni, nyuzi zake zilikuwa waya wa umeme uliomenywa. Pale Kinshasa Roger Landu wa bendi ya Staff Benda Bilili alipiga satonge, kopo moja na waya mmoja, na ukumbi ukasimama. Bendi ya Konono No. 1 walichukua sumaku za vyuma chakavu vya magari wakazifanya pikapu za likembe, ile marimba ya vidole. Hao wote ni mafundi binafsi. Huyo Mjerumani ni ndugu yao, anafanya kazi ileile.

#9 BengaKisumu

Kamina, hapo umenena mzee. Ila Franco hakubaki na kopo, alipopata gitaa la dukani alilikumbatia 😂

#10 Kamina_Lushi

Ndiyo maana sikusema tubaki na kopo. Nimesema tuheshimu aliyelitengeneza.

#11 SoloWaTemeke

Asanteni wakuu, nimefanya kazi ya nyumbani.

Mita imesema: kitufe cha sauti cha la kiwandani 214k, la fundi 262k. Waya ni uleule, ampi ni ileile.
Uzito: la kiwandani kilo 3.9, la fundi kilo 3.1.
Nati: plastiki kwa mfupa.
Vikalio: yote vitatu vya shaba nyeupe, lakini vya fundi vimekatwa pembe, kila uzi una sehemu yake ya kukalia.
Shingo: la fundi ni nene, linajaza kiganja. Nikigonga nyuma, linajibu kwa sauti ya juu, kavu. La kiwandani linajibu kwa mlio mzito, kama limejaa.

Sasa hapo kila mtu humu amepata lake, na mimi nimebaki palepale.

#12 FundiRedio_Mwanza

214 kwa 262 itakupa giza kidogo kwenye la kiwandani. Lakini niwe mkweli, hiyo haielezi noti kupandana. Inaeleza rangi ya sauti tu.

Kuna kitu kingine. Ulipohamisha pikapu, uliziweka umbali gani kutoka kwenye nyuzi? Sumaku ikiwa karibu mno inauvuta uzi. Uzi mnene unavutwa zaidi, na ukiwa freti za juu unavutwa zaidi kwa sababu unatikisika karibu na sumaku yenyewe. Noti inatoka imechafuka, inayumba kama ina mbili ndani yake. Wapigaji wa Stratocaster, gitaa jingine la Fender, wanaujua ugonjwa huu vizuri. Shika uzi wa sita freti ya mwisho, pima nafasi, kisha shusha pikapu ya shingoni mizunguko miwili ya skurubu, usikilize.

#13 MamaBesi

Shusha pikapu, sawa. Lakini vikalio vilivyokatwa pembe havijaondoka kwenye hoja. Chukua tuna (kifaa cha kupima kama noti ni sahihi) ya kuaminika, piga kila uzi freti ya 12, andika ni lipi linakaa sawa. Hiyo haihitaji ubishi.

#14 Muscat_Nyuzi

Assalaam alaykum. Mimi ni wa Unguja, nipo Muscat kikazi, na magitaa ya mafundi ndiyo ugonjwa wangu.

Hamjagusa hewa. Gitaa lililojengwa Ujerumani kwenye chumba chenye unyevunyevu wa asilimia 45 hadi 50, likija pwani yetu linavimba, likija huku kwenye kiyoyozi mchana na usiku linasinyaa. Ubao wa vidole ukisinyaa freti hazisinyai, ncha zake zinatokeza pembeni. Nilipitisha kidole shingoni kwenye gitaa langu nililolipenda kuliko yote nikahisi msumeno. Fundi mzuri anaziviringa ncha za freti mapema na anatumia mbao iliyokaa miaka. Pale ndipo nilipoona tofauti ya aliyekausha mbao kwa subira na asiyekausha.

Jingine kwa wenye magitaa yenye rangi ya nitroselulosi, maana mafundi wengi binafsi wanaipenda: msiyasimamishe kwenye stendi zenye mpira wa bei rahisi. Mpira unaila ile rangi. Nilikuta alama mbili nyuma ya mwili, laini, zinanata kwenye kidole kama asali. Siku hizi naizungushia stendi kitambaa cha pamba.

#15 Kapasita22

Muscat, hiyo ya stendi imenifaa. Naenda kuzungushia kitambaa sasa hivi.

#16 Mgeni_Minnesota

Nimesoma mada yote. Naomba niulize, "kwa mkono" tunamaanisha nini?

Mafundi wengi wanaoitwa wa butiki, wale wa magitaa machache ya bei ya juu, huku Marekani wanakata miili na shingo kwa mashine ya kompyuta. John Suhr, aliyeanzia kwenye duka la Rudy's pale New York na kumtengenezea Mark Knopfler wa Dire Straits, akapita karakana maalumu ya Fender, halafu akaanzisha yake California, anasawazisha freti kwa Plek, mashine ya Kijerumani inayopima kila freti kwa kompyuta. Na freti zake ndizo zinazosifiwa. Paul Reed Smith alianza Maryland akitengeneza moja moja, kampuni ikasimama mwaka 1985, leo ni kiwanda kikubwa, na magitaa yake ya bei nafuu, ya SE, yanatoka Indonesia.

Upande wa pili, Fender ni kiwanda, lakini Abigail Ybarra aliingia pale mwaka 1956 na alikuja kuzungusha pikapu kwa mikono yake miaka na miaka. Waya wa unene wa unywele, anauongoza kwa vidole, maelfu ya mizunguko. Pikapu zenye herufi zake watu wanazitafuta kwa bei ya kutisha. Huyo alikuwa kiwandani au alikuwa fundi?

Kwangu jibu ni macho. Mtu mmoja amelitazama gitaa kutoka ubao hadi nyuzi na ana ruhusa ya kusema "hili halitoki". Mashine gani ametumia si hoja.

#17 BengaKisumu

Hiyo ya "halitoki" nimeipenda sana.

Na tukiwa hapo, wanaoagiza kutoka Marekani: bei ya fundi si bei ya mwisho. Kuna usafirishaji, ushuru, halafu VAT, kwetu Kenya asilimia 16. Mimi langu lilikaa kwa wasafirishaji hadi nikawa nawaota. Na ukiagiza pamoja na ampi, hakikisha imeandikwa 230 au 240. Zao za nyumbani ni volti 120, ukiichomeka hapa bila transfoma utaona moshi kabla hujasikia noti.

#18 Dada_Tanga

Tanzania Bara ni VAT asilimia 18, jumlisheni.

Na ubao wa vidole ukiwa wa rosewood mnahitaji kibali cha CITES (mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini), msije mkanyang'anywa bandarini.

#19 Muscat_Nyuzi

Dada_Tanga, hiyo ilikuwa kuanzia Januari 2017, jamii yote ya Dalbergia, miti ya rosewood, ilipoingizwa. Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa kwenye masharti yale. Ukinunua gitaa zima lenye rosewood ya India huhitaji kibali. Iliyobaki na marufuku kali ni rosewood ya Brazil, hiyo iko kwenye orodha ya kwanza tangu 1992. Ukiuziwa gitaa la zamani lenye hiyo, dai karatasi zote.

Mpingo wetu nao ni Dalbergia, kwa hiyo kipande kibichi cha mbao kina utaratibu wake, usikibebe mkobani ukadhani ni kumbukumbu.

#20 Dada_Tanga

Shukrani, nimeelewa.

#21 MzeeWaDansi

Vijana, hamjambo.

Nimefurahi kuona mtu mmoja ana magitaa mawili yake mwenyewe na anayachunguza hivi. Niwaambie kitu ambacho wengi wenu hamkukikuta.

Enzi zetu gitaa lilikuwa la bendi. Bendi nyingi kubwa Tanzania zilikuwa za jumuiya, mashirika na majeshi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi tangu 1964, jina likabadilika na chama, JUWATA, OTTU, mpaka ikawa Msondo Ngoma. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Mpigaji alikuwa mwajiriwa. Ukihama bendi, unahama na vidole vyako tu. Gitaa linabaki ukutani, kesho analishika mwingine.

Kwa hiyo hukuwa na nafasi ya kusema shingo hii nene, shingo hii nyembamba. Uliingia mazoezini ukakuta gitaa, nyuzi zimefungwa fundo pale zilipokatika, vitufe vinakwaruza, ukapiga. Na sauti zile mnazozisikia kwenye rekodi za Redio Tanzania zimetoka humo. Solo, ridhimu na besi, watu wanarekodi kwa pamoja chumba kimoja.

Sisemi haya kuwakatisha tamaa. Nasema kinyume chake. Mpiga solo aliyekaa na gitaa moja miaka kumi analijua lote, anajua noti ipi inazubaa na ipi inaruka, anaikwepa au anaitumia. Sisi tulinyimwa hilo. Ninyi mnaweza kumwambia fundi upana wa kiganja chenu na akawachongea shingo. Hilo ni jambo kubwa sana na mlithamini. Mkononi kwangu lingebadili hata nyimbo nilizotunga.

SoloWaTemeke, mimi naona tofauti yako ni shingo. Kiganja kikishiba, kidole hakibani kupita kiasi, na noti haiendi juu ya mahali pake. Ukibana sana uzi mwembamba kwenye freti ndefu, unaupandisha bila kujua.

#22 MamaBesi

Shikamoo Mzee. Hii ya kubana uzi sikuwa nimeifikiria kabisa na mimi ni mpiga besi.

#23 MzeeWaDansi

Marahaba mama. Besi inasamehe. Solo haisamehi.

#24 Kapasita22

Mzee, kwa hiyo unasema sauti iko kwenye mkono, na mkono unaongozwa na umbo la shingo. Basi hata mbao si mbao, ni umbo. Nakubaliana nawe kwa mia.

#25 MbaoNgumu

Usimkimbilie Mzee ukajificha nyuma yake 😀 Shingo nene ina mbao nyingi zaidi, ni ngumu zaidi kupinda, inanyonya kidogo. Hapo Mzee ameongea lugha yangu.

#26 Mgeni_Minnesota

Mnaopenda kusikia kilichojengwa nyumbani: Brian May wa Queen na baba yake walianza gitaa lao mwaka 1963. Shingo ni mahogani ya fremu ya zamani ya sehemu ya kuotea moto nyumbani, matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Springi za mkono wa kutikisa zilitoka kwenye injini ya pikipiki, ncha ya mkono wenyewe ni kipande cha sindano ya kufumia, na nukta za shingoni ni vifungo vya lulu vya mama yake. Amelipigia maisha yake yote. Sasa mpimieni huyo alder na maple.

#27 FundiRedio_Mwanza

Na pikapu zake ni za Burns, za kununua. Hata yeye kwenye umeme alikwenda dukani.

#28 Kamina_Lushi

Lakini aliziunganisha kwa namna yake, kila moja na swichi yake, na nyingine ya kugeuza mkondo. Hapo fundi ameonekana tena.

#29 SoloWaTemeke

Wakuu, nimerudi na majibu, ila sijui kama yatawaridhisha.

Nilishusha pikapu kama alivyosema FundiRedio. Mtikisiko wa uzi wa sita ulipungua sana. Lakini nyuzi za juu, ambazo ndizo ninazopigia, zilibaki vilevile.

Nikafunga vikalio vya fundi kwenye briji ya kiwandani. Tuna ikafurahi. Nikishika nyuzi mbili zinakaa vizuri zaidi kuliko zamani. MamaBesi, una haki yako hapo. Ila bado noti moja moja, ikiwa peke yake, haisimami kama kwenye la fundi, na tuna haina la kusema hapo.

Mwisho nikafanya kitu nilichokuwa nakiogopa. Shingo zote zimefungwa kwa skurubu nne, nikazibadilishana. Ya fundi iliingia kwenye mwili wa kiwandani ikakaza bila nafasi. Ya kiwandani kwenye mwili wa fundi ilicheza kidogo, nikaweka karatasi nyembamba ya kujaza.

Matokeo: shingo ya fundi ilibeba sehemu kubwa ya ile sauti kwenda nayo. Noti zikaanza kusimama. Lakini ule wepesi wa kwanza, pale kidole kinapogusa uzi na sauti kutoka papo hapo, ulibaki kwenye mwili wa fundi hata ulipokuwa na shingo mbovu.

#30 BengaKisumu

Freti na nati vimekwenda na shingo. Nimeshinda.

#31 MbaoNgumu

Mwili mwepesi wa kilo chache umebaki na wepesi wake. Nimeshinda mimi.

#32 Kapasita22

Mwili wa fundi umebaki na kitufe chake cha 262k, na sauti ya juu inayofika haraka ndiyo hiyo mnayoiita wepesi. Badilisheni na potensiometa kwanza.

#33 MzeeWaDansi

Na mkono uliokuwa unapiga ni uleule uliojua ni gitaa lipi ameshika. Mke wako alikuwa anakusikia wewe ukifurahi, kijana.

#34 SoloWaTemeke

Mzee, hilo limeniingia. Wiki ijayo nampa mpiga ridhimu wetu ayapige yote mawili nimekaa nje ya ukumbi, yeye hajui habari hizi. Tutatumia ile ampi ya Jazz Chorus ya bendi, sauti safi bila pedali yoyote.

#35 Dada_Tanga

Ukumbini kwenu soketi ina ethi? Nauliza kwa wema. Kumbi nyingi nilizopigia ile pini ya tatu ni pambo tu, haijaunganishwa popote. Ukishika nyuzi na mdomo ukagusa maikrofoni unapigwa. Na gitaa lenye pikapu ya koili moja, ambalo lina mngurumo wake wa kawaida, linaunguruma zaidi kwa sababu hiyohiyo, watu wanasema gitaa bovu.

#36 FundiRedio_Mwanza

Dada ameongea jambo la uhai. Kabla ya jaribio lolote weka kidhibiti cha umeme kinachokata chenyewe mkondo ukivuja, na upime soketi. Kisha fungua kile kishimo cha waya mwilini mwa gitaa uangalie ule waya unaokwenda kwenye briji, ukikatika mngurumo unaongezeka. Fundi wako Mjerumani bila shaka ameubandika na karatasi ya shaba humo ndani. La kiwandani sina hakika, fungua uone.

#37 SoloWaTemeke

Nimefungua. La fundi lina karatasi ya shaba kona hadi kona, kila mahali pamechomewa na risasi, waya zimepangwa. La kiwandani ni mbao tupu na rangi imemwagika.

#38 Kapasita22

Hiyo nayo iongezwe kwenye orodha.

#39 BengaKisumu

MbaoNgumu, tukiacha ushindi wako wa uongo, una mpingo uliokauka? Nataka ubao wa vidole kwa gitaa langu. Rosewood yangu imeliwa na nyuzi, kuna mabonde chini ya freti tatu za kwanza.

#40 MbaoNgumu

Ninao kipande nilichokirithi kwa mwalimu wangu wa useremala, kimekaa dari kabla sijaoa. Kizito, ukikitia majini kinazama. Lakini ukikata freti kwenye mpingo msumeno wa kawaida unachemka, na meno yanaisha. Fundi wako wa Nairobi ameshawahi kuukata?

#41 BengaKisumu

Amekata wa filimbi na zumari. Freti bado.

#42 MbaoNgumu

Basi mwambie anipigie kwanza. Na kwa kuwa uko ng'ambo ya mpaka, soma tena bandiko #19 kabla hatujazungumza bei.

#43 Muscat_Nyuzi

Kikivuka kwa karatasi halali, nami naomba kipande cha nati tu. Nina gitaa linahitaji.